Gurudumu la Mbele

Manka mwanangu,

Gurudumu la mbele la baiskeli yako halikuibiwa. Liko kwenye dari la zizi, chini ya majani makavu ya migomba, pembeni kule ambako hupandi kwa sababu ya nyigu. Nililiweka mimi asubuhi, ulipokwenda kumuaga bibi yako. Tangu uliporudi nimekutazama ukilitafuta. Umefunua hata pipa la pumba, umemuuliza kila mtoto aliyepita njiani, umeshuka mjini kwa mafundi ukarudi mikono mitupu na macho mekundu, nami kila ulipopita nilikuwa nimekaa barazani nachonga mpini wa jembe kama mtu asiyejua lolote. Jembe lenyewe lina mpini mzima.

Sasa mwizi umemjua. Lakini kabla hujaja kunigombeza soma mpaka mwisho, kwa sababu bado sijaamua kama nitalishusha. Waliokupa kazi wamekwambia kila mmoja afike Marangu na baiskeli yake, na asiyefika kesho nafasi yake atapewa mwingine. Kwa hiyo najua vizuri nilichokishika. Nikilala bila kulishusha, huendi.

Mko jikoni, wewe na mama yako, anakusuka. Kutoka hapa nawasikia. Mama yako amesema sasa hivi, "Labda ni mapenzi ya Mungu usiende." Nawe umemjibu, "Mungu haibi gurudumu, mama." Nimecheka peke yangu, kisha nikaona aibu.

Habari za soksi, za uji wa asubuhi, za dawa ya malaria na za kutolala dirisha likiwa wazi amekwisha kukupa yeye, na nadhani anaendelea kukupa. Huko sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni hofu. Nimeogopa tangu siku ile uliyoingia hapa ukasema umepata kazi ya kuongoza wageni kwa baiskeli. Tena si kwenye lami, bali njia za ndani, za vijijini na za pembezoni mwa msitu, mpaka Rombo, mpaka nyuma ya mlima, mtokee Sanya Juu na kuteremka Bomang'ombe. Ulitaja kila mahali kwa kukunja kidole na uso wako ulikuwa unang'aa. Mimi nikakuuliza kama wanatoa chakula. Sikuwa na haja ya kujua habari za chakula. Swali hilo ndilo lililokuwa karibu.

Jioni yake nikasema huendi. Ukasema utakwenda. Tangu siku hiyo tumekuwa watu wa shikamoo na marahaba tu, kama tumekutana kwenye foleni ya kliniki.

Majirani wanasema nakuzuia kwa sababu wewe ni msichana. Wamekosea. Ungekuwa mvulana ningeficha magurudumu yote mawili, maana wavulana akili zao huchelewa kufika.

Ngoja nikueleze ninachokiogopa, kwa sababu siku ile nilifoka tu, sikueleza. Sisi watu wa mlimani tunajua kupanda na kushuka. Mgongo wetu huu, kutoka msituni mpaka mjini Moshi, naweza kuutembea nimefumba macho. Kukatiza ndiko hatukujui. Kati yetu na watu wa mgongo wa pili kuna korongo, na wazee wetu waliliacha liwe mwisho wa mambo. Nimefika Kahe kule tambarare kufuata mahindi, nimefika Arusha, lakini nyuma ya mlima sijawahi kukanyaga. Nikiufikiria mlima kwa upande ule naona kiza. Ndiko unakokwenda, na unakwenda na watu ambao hawajui tope letu likoje.

Naogopa tope hilo. Naogopa malori ya magogo ambayo dereva wake anashuka huku anaimba. Naogopa nyati na tembo wa upande ule, ambao nawasikia kwa watu tu, na kitu cha kusikia huwa kikubwa kuliko cha kuona. Naogopa ukungu unaoshuka mchana kweupe ukamfunika mtu asione usukani wake. Naogopa madaraja ya gogo moja. Lakini vyote hivyo ukivijumlisha havifikii mteremko. Mteremko siusikii kwa watu. Huo naujua.

Kwamba nilikuwa mbeba ndizi unajua, ila unajua kama kichekesho, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kukusimulia. Nilikuwa nakusimulia harufu tu. Leo nikusimulie na yaliyobaki.

Wakati ule kahawa ilikuwa imeanza kutukatisha tamaa. Wanunuzi binafsi waliingia na mizani zao, bei ikapanda msimu mmoja, ikaanguka misimu iliyofuata, na watu wakaanza kung'oa mibuni iliyopandwa na baba zao. Niliona wazee wakilia kwa ajili ya mibuni. Ndizi hazikumwacha mtu. Kila aliyekuwa na baiskeli akawa mbeba ndizi, na baiskeli zenyewe zilikuwa hizi nyeusi za Kichina, nzito, zisizo na gia, kama ile uliyojifunzia. Tulifunga mikungu nyuma kwenye keria na mingine ubavuni, mpaka ukimtazama mtu kwa mbali unaona mgomba unatembea. Breki ziliisha mapema na vipuri havikupatikana. Kwa hiyo breki ilikuwa mguu. Ulivaa katambuga, zile ndala za tairi la gari, ukakanyaga tairi la mbele kwa unyayo huku mzigo unakusukuma mgongoni. Tukifika sokoni wanawake walitusikia kwa pua kabla hawajatuona, raba ilivyokuwa imeungua.

Tulishuka kwa mstari. Wa mbele aliitwa kichwa. Kichwa akipanda, wote wanapanda. Kichwa akishuka na kusukuma, wote wanashuka na kusukuma, wala hakuna anayeulizwa kwa nini. Ilikuwa sheria nzuri, kwa sababu njia ni nyembamba na mtu mmoja akifanya lake anawaangusha wenzake. Uzuri wake uliishia pale kichwa chenyewe kilipokuwa kibovu.

Mimi ndiye niliyekuwa kichwa.

Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu. Si mvua ya kukufanya ubaki nyumbani, manyunyu tu, yale yanayolainisha udongo mwekundu juu na kuuacha mgumu chini. Tulifika pale juu ya daraja, penye kona, unapajua, palipo na mteremko unaokata pumzi. Nilisimama kukaza kamba. Nyuma yangu alikuwa Desideri. Huyuhuyu Desideri wa fimbo unayemwamkia kila siku. Wakati huo alikuwa kijana mwenye mapaja kama mchi wa kinu, na alikuwa mzuri kuliko mimi kwa baiskeli, ila mdogo kwangu kidogo. Akasema, "Kichwa, leo tusukume."

Sasa sikiliza. Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa. Kamba nilikuwa nimekwisha kuikaza, nikaikaza tena. Nilikuwa karibu kusema neno hilohilo. Lakini alilisema yeye kwanza, na mimi nikaona nikikubali itakuwa yeye ndiye kichwa na mimi ndiye mkia. Kwa hiyo nikageuka nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Desideri, kama umechoka shuka tukufunge juu ya mkungu, uteremke umelala." Wakacheka wote. Yeye pia akacheka, akapanda.

Nilishuka wa kwanza. Sijui nilishukaje. Nilipofika darajani nilijiona mwanaume. Kisha nikasikia nyuma matawi ya mibuni yakivunjika, moja, jingine, jingine, kwenda chini. Hakupiga kelele. Nimewahi kutamani angepiga kelele, kwa sababu kimya kile bado ninacho.

Tulimbeba kwa machela ya miti na mashuka mpaka hospitali mjini. Alipona, mguu ukaunga umepinda. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Desideri alisikia la mkuu, mkuu nilikuwa mimi, na guu likavunjika vilevile.

Kosa hilo halina siri. Desideri mwenyewe hulisimulia kwenye pombe ya mbege, na kila mwaka mteremko unakuwa mrefu zaidi na mimi nakuwa mwoga zaidi pale darajani. Naona ni haki yake. Kosa la pili ndilo nililolifuga, na nililifuga kwa sababu nililiita huruma.

Alipoanza kutembea kwa fimbo, nilimkuta siku moja amekaa mbele ya baiskeli yake anaifuta. Anaifuta kwa kitambaa, polepole, spoki baada ya spoki. Niliona alichokuwa anakiwaza, kupanda tena, na moyo ukanipasuka. Kesho yake alipokuwa misani nilikwenda na spana, nikafungua pedeli zote mbili, nikazitumbukiza kwenye shimo la choo cha kwangu. Nikamwambia wezi wamepita. Kisha nikaanza kumpelekea maziwa kila asubuhi, na ulipokua ukawa unayapeleka wewe. Nilijiambia nimemwokoa. Akawa mtu wa kukaa. Unamjua hivyo tu, Desideri wa kiti mbele ya duka, anayecheza drafti na kila mpita njia na kujua habari za watu wote. Hukumjua yule mwingine.

Na mimi niliiacha kazi ile, nikafuga. Baiskeli yangu ikabaki imeegemea ukuta wa zizi, kuku wanalala juu yake. Ni wewe uliyeitoa. Hukuwa unafikia kiti, ukapitisha mguu chini ya bomba, ukanyonga umejikunja upande mmoja, na kuku wakatawanyika. Ulianguka kwenye maji ya mfongo, ukatoka umelowa unacheka, na maji ya shamba la jirani yakakatika siku nzima kwa sababu ulibomoa ukingo. Nilikuchapa. Ulidhani nimekuchapa kwa sababu ya mfereji. Nilikuchapa kwa sababu ulicheka.

Halafu ukaja na hii yako ya mtumba, uliyoinunua kwa pesa za nyanya ulizolima, yenye gia nyingi na matairi ya meno. Kila Jumapili baada ya misa ulikuwa hupatikani. Ukirudi una tope mpaka kwenye nyusi, unataja njia ambazo mimi niliyezaliwa hapa sizijui, kwamba ukifuata mfongo mkubwa kwenda juu unaweza kuvuka korongo bila kushuka barabara kuu, kwamba huko ng'ambo kuna bibi anayekupa ndizi za kuchoma na kukuuliza wewe ni wa nani. Mama yako alikuwa akifunga rozari kwenye usukani. Mimi nilikuwa nauliza kama ng'ombe amepata majani.

Masika yaliyopita nilikufuata. Hukujua. Nilikwenda kwa miguu, nimetangulia kwa njia ya juu, nikajificha kwenye kichaka cha masale ya mpaka wa shamba la mwisho, pale mfongo unapopita ukingoni kabisa mwa korongo. Nilitaka kukuona kwa macho yangu ili nipate sababu ya kuiuza hiyo baiskeli. Ukaja. Ukingo ule ni mwembamba, mbuzi wenyewe hupita mmojammoja, upande mmoja maji na upande wa pili hakuna kitu. Nilitaka kupiga kelele, nikaogopa nitakushtua uanguke. Nikashika masale kwa mikono miwili.

Ulipofika kwenye gogo la kuvukia ulisimama. Ukashuka. Ukachuchumaa, ukaliwekea gogo kiganja, ukalibonyeza, ukatazama chini kwa muda mrefu. Kisha ukaibeba baiskeli begani ukavuka kwa miguu, taratibu, unyayo kwa unyayo, na ulipofika ng'ambo ukakaa chini kwanza. Hukuwa na mtu wa kumwonyesha ushujaa, na ndiyo maana nililoliona lilikuwa kweli. Mwanangu alikuwa anaogopa, na hofu yake ilikuwa inafanya kazi.

Ningekuwa na akili ningerudi nyumbani siku ile nimetulia. Nilirudi nimetulia, ndiyo, nikakaa hivyo mpaka jioni. Kesho yake nikaanza tena. Hofu yangu haisikilizi ushahidi. Ni kama ng'ombe wetu, unamtoa kwenye mahindi kwa upande huu anaingilia upande ule.

Ndiyo maana leo asubuhi nikachukua spana.

Alasiri, ulipokuwa umeshuka mjini, Desideri alikuja. Nilikuwa namkamua ng'ombe. Nilisikia fimbo yake kabla ya kumwona, na sikuinua kichwa. Akasimama mlangoni mwa zizi akapumua kwanza, kupanda hapa kunamchosha.

"Meku," akasema. Ananiita mzee tangu tulipokuwa vijana, kwa kejeli. "Nasikia mwizi wetu amerudi."

"Mwizi gani?"

"Yule wa vipandevipande. Zamani alichukua pedeli akaacha baiskeli. Leo amechukua gurudumu moja akaliacha la pili. Maskini, miaka yote hii hajafanikiwa kupata baiskeli nzima."

Maziwa yakaanza kwenda nje ya ndoo. Nikauliza, "Ulijua?"

"Siku ileile. Mwizi gani anakuja na spana, anafungua pedeli, halafu anarudishia kofia ya kengele iliyokuwa imelegea? Uliikaza kengele yangu, meku. Ulishindwa kuiacha."

Nilikuwa nimesahau kwamba niliikaza.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kila asubuhi unaniletea maziwa. Mtu anayekuletea maziwa unamgombezaje?"

Nilitegemea acheke, kama kawaida yake. Hakucheka. Aliegemea nguzo, akautazama mguu wake kama unavyotazama mtoto wa jirani, akaniambia mambo ambayo sikuyajua.

"Mguu ulivunjwa na mteremko. Mteremko nilikwisha kuusamehe, haukujua ulitendalo. Na ulivyonicheka nilikwisha kukusamehe, maana nami ningekucheka. Lakini nilikuwa nimebakiwa na mguu mmoja mzima. Huo ungenitosha kunyonga polepole mpaka sokoni, mpaka kanisani. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu namna nitakavyopanda, nitaegemea wapi, fimbo nitaifunga wapi. Kila nikilala nilikuwa napanda. Ukaja ukanikalisha. Aliyeogopa ni wewe, aliyekalishwa ni mimi."

Manka, nilitaka kumwomba radhi. Maneno nilikuwa nayo, yamejipanga vizuri kabisa. Nikafungua mdomo nikasema, "Chukua maziwa."

Hapo ndipo alipocheka, akacheka mpaka akakohoa, ng'ombe akashtuka. Akayachukua. Alipokuwa anaondoka nikamuuliza kama atakwambia. Akasema, "Si gurudumu langu," akashuka na fimbo yake.

Nimekaa na maneno hayo tangu wakati ule. Nimeyageuza kila upande nikitafuta mahali ambapo hayanihusu. Nimejiambia Desideri ni mtu mzima na wewe ni mtoto, kisha nikakumbuka wewe si mtoto. Nimejiambia yeye alikuwa kilema na wewe mzima, na hilo likanifanya nionekane mbaya zaidi. Nimejiambia nitalishusha gurudumu wiki ijayo, hasira zikipoa, utapata kazi nyingine karibu, labda dukani pale mtaa wa Mawenzi mjini. Ungekuwa mwuzaji mzuri. Ungekaa kwenye kiti, ungejua habari za watu wote.

Nilipoandika mstari huo hapo juu nilisimama, nikatoka nje kidogo, nikarudi.

Nitakwambia ninachojua kuhusu kuwa kichwa, halafu nitanyamaza. Kule unakokwenda wewe ndiye utakuwa mbele, na nyuma yako kutakuwa na watu wazima, wana nguvu, wana baiskeli nzuri kuliko yako na wamelipia safari ili wasionekane waoga. Siku moja mmoja wao atasema kwa lugha yake, "Leo tusukume." Atasema kwa sauti ndogo. Pengine hatasema kabisa, atasimama tu kukaza kitu kisichohitaji kukazwa, kama nilivyokuwa nakaza kamba. Usimcheke. Usimwambie wengine wote wameweza. Shuka wewe kwanza, na useme wewe ndiye unayeogopa. Utakuwa hudanganyi sana, nimekuona kwenye lile gogo. Na kama mtu ataanguka mikononi mwako, maana wataanguka, hiyo njia ni ya kuanguka, mtibu, mpeleke anakopaswa kupelekwa, lakini usimchukulie pedeli zake. Muulize kama anataka kupanda tena, na ungoje jibu lake, hata likichelewa.

Na wewe ukianguka. Nimejaribu kuandika sentensi hii mara kadhaa na haimaliziki. Ukianguka, tuma mtu aje aseme, hata kama ni jambo dogo. Usinifiche ili nisiogope. Ninaogopa hata nisipoambiwa, na nisipoambiwa naogopa vitu vikubwa zaidi.

Mmezima taa jikoni. Nimewasikia mkisali, umemwombea mwizi aguswe moyo. Sikujua kama ulikuwa unajua au ni sala tu. Ngoja nitoke.

Nimerudi. Samahani kwa alama za vidole, ni grisi. Nyigu wamenitia sindano shingoni, naona ni malipo. Gurudumu nimelirudishia mahali pake. Baiskeli iko barazani nyuma ya pipa la maji, usiende kuitafuta zizini. Kabla sijalifunga nililishika mkononi nikalizungusha. Halina mlio. Yale yetu yalikuwa yanapiga kelele kama milango ya zamani. Hili lilizunguka likazunguka, nikalitazama mpaka likasimama lenyewe, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kidogo kwa nini Jumapili ulikuwa hupatikani.

Nimebonyeza breki zote mbili. Zinashika. Nimezibonyeza tena. Nati nimezikaza, nikazifungua nikazitazama, nikazikaza tena. Kama utaona zimekazwa kupita kiasi utazilegeza mwenyewe, maana mkono wangu haukutaka kuacha. Waya wa breki ya nyuma umeanza kuchanika nyuzi karibu na usukani. Ubadilishe Moshi kabla hujaelekea Marangu. Hili si ushauri, ni amri, na ndiyo amri ya mwisho nitakayokupa hapa nyumbani.

Usidhani hofu imekwisha. Nilidhani nikilirudisha gurudumu nitapata amani, kama watu wanavyosema kwamba ukitenda haki moyo unatulia. Haujatulia. Naogopa sasa kuliko nilivyoogopa asubuhi, kwa sababu asubuhi nilikuwa na la kufanya. Desideri amekalia hofu yangu miaka yote hii, na nadhani sasa ni zamu yangu kuikalia mwenyewe. Kesho baada ya kukamua nitakwenda kwake. Safari hii nitakwenda na spana na pedeli mpya kama zitapatikana mjini, na nitamuuliza. Akikataa, atakuwa amekataa yeye.

Sasa habari ya alfajiri. Hutanikuta barazani. Nitakuwa kwenye migomba ya chini, pale njia inapopita, nakata majani ya ng'ombe, au najifanya nakata. Mama yako atakushika kichwa akuombee, yeye anaweza kushika na kuachia. Mimi nikikushika sitaachia. Kwa hiyo ukifika hapo usisimame. Utaniona, nami nitakuona, na hiyo itatosha. Nyonga, upite. Tena nakuomba sana, Manka, usiniite. Ukisema "Baba", hata mara moja, nitatupa panga nije kuushika usukani, na yote niliyoyaandika humu yatakuwa kazi bure.

Ni mimi baba yako.